Mama Attracta na Kiti cha Upande wa Baba

Baada ya miaka ishirini na mitatu ya kuwatengenezea watu miguu, Mama Attracta Sabbagh amestaafu rasmi Ijumaa, tarehe 31 Oktoba 2025. Alijiunga na Kituo cha Simama hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka mwaka 2002, akiwa na sanduku moja la nguo na mawili ya vifaa. Bwana Norbert, mkurugenzi wetu, ameniomba mimi, Aline Igiraneza wa chumba cha plasta, niandike wasifu wake kwa ajili ya jarida la wafanyakazi. Amenipa kurasa chache na onyo moja: nisichanganye mambo. Bwana Norbert, unisamehe. Mambo yenyewe yalikuja yamechanganyika.

Nianze na yale yaliyonyooka. Mama Attracta ni fundi wa viungo bandia. Alisomea kazi hiyo Dublin, akaifanya kwanza Lebanon, halafu Angola, ndipo akaja Malawi. Alipofika, Simama ilikuwa banda la mabati lenye meza mbili na msumeno wa kuazima. Watu waliopoteza miguu kwa risasi, kwa mabomu ya kutegwa ardhini, kwa kisukari na kwa ajali za barabara ya Mponela walikuwa wakijikokota na fimbo za mkaratusi. Leo karakana ina vyumba vitano, ina tanuri la kulainishia plastiki, na ina mafundi, wakimbizi na Wamalawi, ambao wote wamepita mikononi mwake. Yeye ndiye aliyeanzisha siku ya Alhamisi kule Chinsapo, mtaa wa Lilongwe, ambako gari letu kuukuu huegeshwa nyuma ya soko na wauza mitumba wenyewe huwapanga wagonjwa foleni, tena kwa ukali kuliko sisi.

Asije mtu akadhani kwamba alikuwa mpole. Hakuwa mpole hata kidogo. Ukimletea soketi iliyotengenezwa ovyo, ile sehemu ambayo kisiki cha mguu huingia, aliichukua, akaipasua kwa nyundo mbele ya macho yako, kisha akaenda jikoni na kukuletea chai. Nsengimana, ambaye sasa ndiye fundi mkuu, amepasuliwa soketi nyingi kuliko sisi wote. Amekunywa chai mpaka basi.

Sheria yake ya kazi ilikuwa moja: mguu hautoki karakanani kabla haujacheza. Kutembea hakukumtosha. Alisema mtu anaweza kutembea huku ameuma meno, lakini hawezi kucheza huku ameuma meno. Basi mgonjwa akivalishwa mguu, simu inawekwa juu ya debe la plasta, muziki unapigwa, na Mama Attracta anaingia uwanjani wa kwanza ili mgonjwa asione haya. Wakongomani walitaka rumba. Wanyarwanda na Warundi walicheza kwao wanavyojua. Yeye mwenyewe alikuwa na michezo miwili. Katika mmoja miguu inaruka kama ya mtu anayekanyaga siafu huku mikono imelala ubavuni kama ya askari gwarideni. Mwingine wa kushikana mikono kwa mstari na kupiga kishindo chini, wote kwa pamoja. Wa kwanza alifundishwa na mama yake, wa pili na baba yake. Mara ya kwanza tulipouona ule wa kwanza, mtu mmoja alikimbia kumwita nesi.

Jina lake nalo lilitutesa. Watoto wa kambi walimwita Mama Trakta, naye akipita na kabaza, bodaboda za hapa, aliwajibu kwa mngurumo wa injini. Sisi wakubwa tulihangaika na lile jina la pili, Sabbagh. Mzungu gani huyo? Alikuwa na nywele nyeusi kama zangu zilivyokuwa, na madoa ya jua usoni. Tulipomuuliza kwao ni wapi, alijibu kwamba mama yake ni wa Ayalandi na baba yake ni wa Palestina, halafu akaendelea kupiga randa kana kwamba amejibu.

Papa Ezechiel, fundi wetu wa magongo na mzee wa kanisa, Mkongomani wa Fizi, alikwenda kutafuta kwenye Biblia. Jumatatu alirudi na sura ya msiba. Ayalandi hakuiona popote. Palestina aliiona kwa njia yake mwenyewe: akashawishika kwamba tumeajiri mjukuu wa Goliathi Mfilisti. Alitaka tumwombee. Mama Attracta alipoambiwa, alicheka mpaka akakaa juu ya magunia ya plasta, akasema huyo Goliathi aletwe apimwe, maana mtu mrefu namna ile lazima magoti yanamsumbua. Tangu siku hiyo yeye na Ezechiel wakawa marafiki wa kuchokozana, na kila mgonjwa mrefu akiingia, walitazamana.

Sasa niingie kwenye fujo yenyewe.

Hapa Simama mtu hastaafu kwa kupewa saa ya ukutani akaenda zake. Tunamkabidhi. Desturi hiyo hakuna aliyeibeba kutoka kwao. Tumeipika hapahapa kambini, kidogo ya Kinyarwanda, kidogo ya Kibembe, kidogo ya Kichewa. Viti viwili huwekwa mbele ya watu, kimoja cha upande wa mama na kimoja cha upande wa baba. Ndugu wanakaa. Mkurugenzi anamshika mstaafu mkono na kusema: tulimpokea mzima, tunamrudisha mzima. Katika karakana ya miguu maneno hayo si mzaha. Kisha anautoa mkono ule kwa upande mmoja, halafu kwa upande wa pili, na upande unaoupokea kwanza ndio unaohesabiwa nyumbani kwake. Asiye na ndugu hukaliwa kiti na mtu wa kijiji chao, au wa mlima wao, kwa ruhusa yake. Katika kambi iliyojaa watu waliopotezana na jamaa zao, mtaelewa kwa nini tunavishikilia viti hivi kama roho zetu.

Kamati ya maandalizi ilikaa mapema Septemba, tukala mandasi, na mandasi hayajaisha ugomvi ukaanza. Mkono uende wapi kwanza? Mayi Chimwala, mweka stoo wetu, ni Mchewa wa hapahapa Dowa. Kwake jambo lilikuwa rahisi: mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye sauti juu yake ni mjomba. Kwa hiyo Mama Attracta ni mtu wa Ayalandi, zikomo, asanteni, tufunge kikao. Nsengimana aliruka kitini. “Mutoto ni ya baba,” alisema, “njo vile tangu zamani, hata mi siwezi kubadilisha.” Kwa hiyo ni Mpalestina na mkono uende Palestina. Papa Ezechiel alisema wote wawili wana haki, na hapo akawaudhi wote wawili. Mimi niliyekuwa naandika nilikuwa nakubaliana na kila aliyesema mwisho.

Tukaamua kumwuliza mwenyewe. Ilikuwa saa ya chai. Alitusikiliza, akakwangua plasta kwenye kucha zake, akasema hatuna sababu ya kugombana kwa sababu pande zake mbili ni ndugu. Nsengimana akauliza ndugu kwa damu gani. Akasema si kwa damu, kwa yaliyowapata. Hatukuelewa. Ndipo akatusimulia, na ninayaandika hapa kama nilivyoyasikia.

Wazee wa mama yake walikuwa wakulima wa viazi huko Mayo, magharibi ya Ayalandi, kwenye ardhi ya mababu zao ambayo Waingereza walikuwa wameitwaa na kuwagawia mabwana. Viazi vikaoza ardhini, mwaka baada ya mwaka. Watu walikufa kwa njaa huku nafaka ikipakiwa melini kwenda kuuzwa. Walioshindwa kulipa kodi ya shamba walitolewa nje, paa likavutwa chini ili wasirudi kulala. Miaka mingi baadaye, babu yake mzaa mama alipokuwa kijana, nyumba yao ilichomwa moto na polisi wa Waingereza waliokuwa wakiwasaka wapigania uhuru. Mapigano hayo yalipokwisha, baadhi ya polisi wa aina hiyo walihamishiwa Palestina, ambayo nayo ilikuwa mikononi mwa Waingereza haohao. Babu alilijua hilo na hakulisahau.

Baba yake alizaliwa katika kijiji cha milimani Galilaya. Mwaka 1948, akiwa na miaka kumi na sita, walikimbia vita kwa miguu mpaka Lebanon, mama yake amejifunga unga wa siku chache kiunoni kwa sababu waliamini watarudi upesi. Hawakuruhusiwa kurudi, na kijiji kikabomolewa. Alisoma kwa msaada wa mapadri, akapata nafasi ya kusomea udaktari Dublin, na huko akampenda muuguzi kutoka Mayo.

Siku kijana huyo alipopelekwa ukweni, majirani walikuja kuchungulia wakitegemea kumwona yule babu, mtu mkali wa kutisha, akimfukuza. Babu hakumuuliza dini wala mshahara. Alimuuliza nani aliichukua nyumba yao. Kijana akaeleza yote, tangu Waingereza walivyotawala mpaka walivyofunga mizigo na kuondoka huku nchi inawaka. Babu alisikiliza mpaka mwisho, akamsogezea kiti karibu na moto, akasema watu hao anawafahamu.

Na siku ya harusi, upande wa bwana harusi kanisani ulikuwa mtupu. Hakuna ndugu aliyekuwa na nauli wala pasipoti. Mama wa kijana, kule Lebanon, alikuwa amemtumia babu salamu kwamba amkalie nafasi. Babu akainuka upande wake, akavuka, akakaa upande wa mkwewe peke yake, kisha akageuka na kuwakodolea macho majirani mpaka nusu ya parokia ikahama na kumfuata.

Alipomaliza, chai ilikuwa imepoa. Nami, badala ya kuelewa, ndipo nilipochanganyikiwa kabisa, na mpaka leo naandika nikiwa bado nimechanganyikiwa. Sisi kwetu tulikuwa na lugha moja, milima ileile, nyimbo zilezile za kulea watoto, tulioana na tulipeana ng'ombe. Hayo yote hayakutuzuia kufanyiana tuliyofanyiana. Na hawa, bahari na nchi kibao katikati yao, mmoja haelewi hata salamu ya mwenzake, wanakutana mezani mara moja na kutambuana. Nilimuuliza Nsengimana njiani tukirudi nyumbani. Alisema nimwache. Nilimwona anafuta macho, na nikamwacha.

Basi Nsengimana ndiye aliyepata wazo siku iliyofuata. Tulijua kwamba upande wa mama atakuja Colm, mtoto wa mjomba wake, mfugaji wa kondoo anayekaa katika nyumba ileile ya Mayo. Huko ndiko Mama Attracta anakokwenda kuishi. Upande wa baba hatukuwa na mtu. Nsengimana akasema Colm akalie viti vyote viwili, kama babu yao alivyofanya. Tulidhani tumeokoka.

Mama Attracta alikataa. Hakupandisha sauti, na hilo lilitutisha kuliko kelele zake zote za nyundo. Alisema babu yake aliagizwa na mwenye kiti. Kiti hiki nacho kina mwenyewe, naye hajamwagiza mtu. Ni Hanan, binti wa baba yake mdogo aliyeoa Gaza na kubaki huko. Hanan ni mwalimu. Yeye na Mama Attracta wamepigiana simu kila Krismasi kwa miaka mingi, nusu kwa Kiingereza, nusu kwa kucheka. Vita vikaja, wakahama nyumba moja baada ya nyingine, na tangu mwezi wa Juni hakuna aliyesikia sauti yake. Mama Attracta alisema tukimkalisha mtu mwingine kwenye kiti kile tutakuwa tumemzika Hanan. Kama hakuna habari yake, basi sherehe iwe sala na chakula tu, na yeye asikabidhiwe kwa mtu. Nusu mtu hakabidhiwi, alisema. Ataondoka kama alivyokuja, na masanduku yake.

Hakuna aliyembishia. Hapa Dzaleka kila nyumba ina mtu ambaye hatumwiti marehemu kwa sababu hakuna aliyemwona amekufa. Mayi Chimwala, aliyekuwa ametuchachafya kwa ukoo wa mama, alikwenda stoo akafunga mlango. Tulimpigia Colm simu. Naye alikuwa amekwisha kumwandikia Hanan, akimweleza desturi yetu na kumwomba ajibu kama atampokea dada yake. Kimya. Septemba ikaisha hivyo, na Oktoba nayo ikaanza kuisha.

Lakini mnamjua Nsengimana. Mtu akikosa ndugu, tunatafuta mtu wa mlima wao, na kichwani mwake ruhusa ingekuja baadaye. Akapanda minibasi mpaka Lilongwe, akazunguka maduka ya City Centre akiuliza nani hapa anasema Kiarabu. Akaonyeshwa Bwana Fadi, muuza magodoro. Walizungumza Kichewa, maana Bwana Fadi ameuza magodoro Malawi tangu ujana wake. Nsengimana alimwambia anahitajika Dzaleka Ijumaa kukaa kwenye kiti cha heshima. Bwana Fadi, ambaye amealikwa kwenye viti vya heshima vingi, alijua maana yake ni kuombwa msaada. Akaja na magodoro manne juu ya gari.

Ilikuwa aibu, wapendwa. Watu wamekwisha kukaa, kwaya imekwisha kuimba, ndipo inagundulika kwamba Bwana Fadi si Mpalestina. Ni Mlebanoni wa mji wa Tiro. Nsengimana alitaka ardhi immeze. Lakini Bwana Fadi alipoelezwa kiti kile ni cha nini, alikipa mgongo haraka kama mtu aliyekuta kaburi. Alisema amekulia karibu na kambi ya Wapalestina, amesoma na watoto wao, na kiti kama hicho hakikaliwi na mpita njia. Akaenda kukaa nyuma kabisa, karibu na magodoro yake, na Gloriose wa jikoni akampelekea nsima, ugali wa hapa, na samaki kwa kumwonea huruma.

Kwa hiyo picha ilikuwa hivi. Mama Attracta mbele, katika kitenge tulichomshonea. Kiti cha upande wa baba kitupu. Kiti cha upande wa mama nacho kitupu, kwa sababu Colm, aliyeshuka na ndege Alhamisi, simu yake ilikuwa haijapata mtandao tangu atoke kwao na alikuwa ameomba aingie ofisini kuiunganisha. Bwana Norbert amesimama, hajui aanze au asubiri. Sala ilikuwa imekwisha. Kilichobaki kilikuwa chakula na aibu.

Colm alitoka ofisini anakimbia. Ni mtu mrefu, shingo nyekundu, na tangu afike alikuwa hajasema maneno yanayozidi vidole vya mkono. Aliinua simu juu. Jumbe za safari nzima zilikuwa zimeingia kwa mkupuo, na katikati yake kulikuwa na sauti ya mwanamke.

Mama Attracta aliisikia sauti ile kabla simu haijamfikia mkononi, akapiga magoti chini. Hakusubiri maneno. Alikuwa anasema jina tu, Hanan, Hanan, yu hai, Hanan. Kina mama wa Dzaleka wanajua sauti ya namna hiyo, wakapiga vigelegele kabla hata hawajaambiwa kitu.

Ujumbe wote ulikuwa kwa Kiarabu. Hanan anajua Kiingereza, lakini nadhani maneno ya kumpokea mtu husemwa kwa lugha ya nyumbani. Kiarabu cha Mama Attracta ni cha jikoni, cha kula na kugombezwa. Alishika jina la baba yake, lake mwenyewe na la Colm, basi. Akatazama huku na huku kama mtu aliyepewa maji asione kikombe. Ndipo Nsengimana akageuka nyuma na kupiga kelele, “Ya magodoro! Muleteni muntu ya magodoro!”

Bwana Fadi akaja mbele, mikono bado ina nsima. Simu iliwekwa juu ya kiti cha upande wa baba, na hakuna aliyesema iwekwe pale, mkono tu ulikwenda. Yeye akachuchumaa pembeni, akawa anausikiliza ujumbe kipande kwa kipande na kuusema kwa Kichewa. Mayi Chimwala akawa anautoa kwenye Kichewa na kuutia kwenye Kiswahili, kwa sauti kubwa ili hata walioko uani wasikie. Nyuma ya sauti ya Hanan kulikuwa na watoto, na upepo, na mtu anakohoa.

Alisema hivi. Kwamba yeye ni Hanan, binti wa ndugu ya baba yake Attracta. Kwamba amepanda juu ya kifusi kutafuta mtandao, kwa hiyo atasema haraka. Kwamba kwa niaba ya baba yake Attracta, na ya bibi yao aliyefunga unga kiunoni, na ya kijiji chao chote, anampokea. “Nimempokea,” alisema, akalirudia mara ya pili. Akaomba radhi kwamba hawezi kumwita aje, maana hema ni moja na wamo watu tisa. Akamalizia kwa kumtaja Colm: “Ndugu yangu Colm, nitunzie Attracta mpaka nipate mlango.”

Mayi Chimwala alipofika hapo, aliacha Kiswahili akajifuta uso kwa kitenge. Hakikuhitajika tena. Uwanja mzima ulikuwa unalia, kwa sababu hakuna mtu pale ambaye hajawahi kutunzwa kwa ajili ya mtu mwingine, au kumwachia jirani mtoto na kusema maneno hayohayo. Mimi mwenyewe nilitunzwa miaka minne Uvira na mwanamke ambaye mama yangu alionana naye siku moja tu. Wote tukamgeukia Colm.

Na Colm wa watu alikuwa hajaelewa kitu. Ujumbe ulikuwa umepita Kiarabu, Kichewa na Kiswahili, na yeye, mwenye ujumbe, ndiye aliyebaki gizani, amesimama na kofia mkononi, watu mamia wanamtazama na kulia. Alidhani Hanan amekufa. Uso wake uliniumiza sana. Mama Attracta ndiye aliyeinuka, akamshika mabega na kumwambia kwa Kiingereza, polepole.

Colm aliweka kofia yake chini kwenye vumbi. Alikwenda mpaka kwenye kiti cha upande wa baba, hakukaa, akabonyeza kurekodi ujumbe wa sauti, akainama kwenye ile simu kama mtu anayezungumza na aliyekaa. Alisema atamtunza. Alisema tena kwamba chumba cha nyuma kimekwisha kupakwa rangi, na vitanda vipo, na hema lile lina watu tisa lakini nyumba ya Mayo iliwahi kulaza kumi na mmoja. Ndipo akanyoosha mikono yake yote miwili kwa Bwana Norbert.

Bwana Norbert akasema maneno yetu, tulimpokea mzima, tunamrudisha mzima, akautoa mkono wa Mama Attracta. Kama mkono ule ulikwenda Ayalandi kwanza au Palestina kwanza, siwezi kuwaambia. Nimewauliza Mayi Chimwala na Nsengimana, na kila mmoja anaapa kwamba upande wake ndio ulioshinda. Tumewaacha hivyo. Ujumbe wa Colm bado haujamfikia Hanan. Mpaka ninapoandika haya simu inaonyesha kwamba umetumwa tu, na Mama Attracta anaitazama kila baada ya dakika chache.

Baada ya hapo watu walicheza, wenye miguu ya Mungu na wenye miguu ya Simama, kwenye mstari mmoja, wameshikana mikono. Bwana Fadi aliujua ule mchezo wa pili kuliko sisi wote, akawa mbele. Papa Ezechiel alicheza pembeni ya mjukuu wa Goliathi bila hofu yoyote. Magodoro yamekwenda kwenye chumba cha wagonjwa, na tunashukuru.

Mama Attracta, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Simama na kwa niaba ya kila aliyeingia kwako akitambaa akatoka anacheza, asante. Asante kwa nyundo na asante kwa chai. Safiri salama na Colm, uvae soksi, maana ametuambia kuhusu baridi ya kwao. Wewe tunakutakia siku nyingi za raha. Hanan tunamtakia mlango.